Kitabu cha kusikiliza kuhusu Orlando Letelier: stori kali, msomaji sasa!

Jamaa alikuwa balozi wa Chile kule Washington, akarudishwa nyumbani kuwa waziri, mara 11 Septemba 1973 Jenerali Pinochet na wanajeshi wenzake wanapindua serikali, yeye anafika wizarani kwake asubuhi anakamatwa palepale mlangoni, aisee! Sehemu ya kisiwa cha Dawson, alikofungwa, ndo imeninyima usingizi, baridi ya kusini kabisa na mawaziri wazima wanafanyishwa kazi za sulubu. Katoka 1974 unasema kapona huyu, wapi, 1976 wakamfuata hukohuko Washington na bomu la gari. Sasa huyu anayetusomea kitabu, mlipuko anausoma kama ratiba ya treni, na sauti ya rekodi inapanda inashuka. Sura za utotoni ruka tu. Nyota nne.