Blu-ray yenye watu wa vichwa viwili

Simamisha diski hii popote kamera inapogeuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, utakuta watu wana vichwa viwili. Sitanii. Sura ya kwanza iko pale, ya pili imelala juu yake kama kivuli. Nguzo ya taa imekuwa mbili, na maandishi ya kibao cha mlangoni hayasomeki. Sogeza fremu moja mbele: safi. Moja tena: vichwa viwili. Na hii ndiyo Blu-ray ambayo jalada lake linajinadi kuwa "imesafishwa upya", kwa herufi zinazoshindana na jina la filamu. Nimepigwa changa la macho, na safari hii hata mchanga wenyewe unaonekana kwenye kioo.

Filamu siitaji. Yenyewe haina kosa.

Kabla ya kulaumu diski, itoeni kwanza televisheni kwenye kesi. Zima kipengele cha kulainisha mwendo, zima cha kuondoa chenga, shusha ukali wa picha hadi sifuri (kuna televisheni ambazo sifuri yake halisi iko katikati ya kipimo, kwa hiyo angalia vizuri), kisha bonyeza pozi. Picha ikiwa imesimama, televisheni haina mwendo wa kulainisha. Kivuli kikibaki, kimo ndani ya diski. Hapa kilibaki. Anayetazama faili kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezesha video, azime kwanza uunganishaji wa mistari (deinterlace) kwa herufi D, maana huo huficha ushahidi, halafu atembee fremu moja moja kwa herufi E.

Ugonjwa wenyewe unasomeka kwenye fremu. Filamu za sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Ikihamishiwa NTSC, mfumo wa zamani wa televisheni wa Marekani na Japani, kila fremu 4 hutandazwa kuwa nusu-picha 10 (kila moja ina mstari mmoja na kuruka mmoja), na ukitembea taratibu utakuta fremu 3 safi, 2 zenye meno ya kitana, yaani mistari ya fremu mbili tofauti imepishana ukingoni. Inaudhi, lakini inatibika: programu nzuri huyatoa yale meno na fremu 24 zikarudi kama zilivyokuwa. Ikihamishiwa PAL, mfumo wa zamani wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, kwa kawaida huharakishwa tu hadi fremu 25. Kila fremu inabaki nzima, ila filamu ya dakika 120 inaisha kwenye dakika 115 na sauti za watu zinakuwa nyembamba kidogo. Hilo nalo nalivumilia. Balaa ni la tatu: kanda ya NTSC inapogeuzwa kuwa PAL kwa mashine inayokoroga nusu-picha jirani kuwa moja. Hapo huoni meno, unaona mzimu. Na maziwa yakishaingia kwenye chai, nani atayatoa?

Diski hii ina mizimu na muda wake haujapungua hata dakika moja. Ukiviweka viwili hivyo pamoja, jibu ni hilo la tatu. Hakuna aliyeipitisha filamu kwenye skana kwa ajili ya toleo hili. Imechukuliwa kanda kuukuu iliyokwishageuzwa mfumo, ikavutwa hadi mistari 1080, ikatiwa kwenye kasha la buluu.

Pigeni hesabu. Fremu ya NTSC ni pikseli 720 kwa 480, yaani 345,600. Ya Blu-ray ni 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Ni mara 6 kamili. Katika kila pikseli 6 unazotazama, 5 zimetungwa na mashine. Halafu aliyeivuta akaona ukungu, akaongeza ukali. Ndiyo maana kila kofia nyeusi mbele ya anga jeupe imezungushiwa mstari kama wa chokaa. Akaona chenga zimezidi, akazifuta, nyuso zikawa za nta. Vinyweleo vimekwenda, nyuzi za koti zimekwenda. Punje za filamu si vumbi la kupangusa, jamani. Picha imejengwa kwa punje hizo. Ukizifagia, unafagia na picha.

Wala msidanganyike na megabiti, yaani wingi wa data kwa sekunde. Diski imejazwa vizuri tu, hakuna vibokisi hata kwenye moshi na giza. Ni nakala safi kabisa ya picha chafu.

Muuzaji alipoulizwa alijibu kwa sentensi moja: filamu za zamani ndivyo zilivyo. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira zaidi kuliko kwenye picha yenyewe. Negativu ya milimita 35 iliyopigwa na kutunzwa vizuri ina mengi kuliko Blu-ray inavyoweza kubeba, ndiyo sababu filamu za zamani kuliko hii zinatolewa kwa 4K na zinapendeza. Uzee huleta mikwaruzo, rangi kufifia, picha kutikisika. Uzee hauoteshi mtu kichwa cha pili. Kama negativu imepotea, sawa, hayo hutokea. Iandikwe basi kwenye jalada kwamba chanzo ni kanda, kila mtu anunue akijua. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni jambo moja. Kuambiwa gunia ndiye mbuzi ni jingine.

Sasa linalonichanganya. Sauti ni nzuri. Ni mono, haikuminywa, mvumo wa chini umeachwa mahali pake, na kwa kuwa filamu haikuharakishwa, sauti za waigizaji ziko kwenye kina chake halisi. DVD ya zamani ya PAL ina picha bora kuliko hii, fremu nzima zisizo na mizimu, lakini inakimbia na kila mtu anaongea kama ana haraka ya basi. Kwa hiyo diski mbaya kuliko zote kwa macho ndiyo sahihi kuliko zote kwa masikio. Mwenye faili la picha ya PAL anaweza kulirudisha kwenye fremu 23.976 (ndiyo 24 ya NTSC, kilikotoka chanzo cha sauti hii) kwa MKVToolNix, programu ya kuunganisha picha na sauti, akaondoa sauti ya zamani na kuweka hii, akirekebisha milisekunde za mwanzo hadi midomo ikubaliane na maneno. Pakiwa na sehemu iliyokatwa katika toleo mojawapo, sauti itahama kuanzia hapo na itabidi ikatwe vipande.

Kwa ajili ya sauti hiyo nilikuwa natoa nyota 2, na karibu niseme inunuliwe ikishushwa bei. Kisha nikalitazama tena jalada. "Imesafishwa upya." Nyota 1, na isinunuliwe.