Soksi za kubana miguu: nilizobahatisha na nilizopimiwa

Naishi na vidonda vya utumbo mpana, kolaitisi, mwaka wa 6 sasa. Machi mwaka jana ugonjwa ulinishika vibaya, naharisha damu mara 10 kwa siku, nashinda kitandani. Kigimbi cha kushoto kikaanza kuuma. Mama mkwe akanichua siku mbili kwa mafuta ya nazi, sote tukidhani ni msuli. Siku ya tatu mguu umevimba, una joto, kiatu hakiingii. Ultrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Kumbe mguu wa namna hiyo hauchuliwi kabisa, bonge likichomoka linaenda kuziba kwenye mapafu.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuambiwa kwamba sisi wenye kolaitisi damu yetu huganda mara mbili hadi tatu zaidi ya watu wengine, na utumbo ukiwaka hatari inapanda zaidi. Uvimbe wa utumbo hauishii tumboni, unaichokoza damu yote. Ongeza kulala, kupungukiwa maji na predinisoloni, dawa ya kutuliza utumbo. Ndiyo maana ukilazwa unachomwa sindano ya kuzuia damu isigande hata kama bado unatoa damu chooni. Nilipoambiwa hivyo nilishangaa sana.

Sasa soksi, za kuusaidia mguu usivimbe. Jozi ya kwanza nilinunua barabarani, Sh 15,000, kwa namba ya kiatu. Zilijiviringisha chini ya goti na kunikaba kama mpira wa kufungia pesa, zikaacha alama hadi kesho yake. Nikazitupa.

Za pili nilizipata duka la vifaa tiba hapa Mwanza, Sh 55,000. Nilifika saa tisa alasiri, yule dada akakataa kuniuzia. "Dada yangu, saa hizi mguu umeshajaa. Njoo kesho asubuhi." Nikarudi. Akapiga magoti na futi kamba: juu kidogo ya kifundo sentimita 23, kigimbi 37. Akagusa mapigo juu ya wayo, maana ambaye mishipa ya kupeleka damu miguuni imeziba hatakiwi kuzivaa. Akanifundisha kuigeuza soksi nje ndani hadi kisiginoni, kisha kuipandisha kwa glavu za kuoshea vyombo, kabla sijashuka kitandani.

Nimezivaa kwenye basi hadi Dar, zaidi ya kilomita 1,000. Nilishuka na vifundo vyangu kama nilivyopanda. Maji nayo nilikunywa. Zamani nilijinyima safarini kwa kuogopa choo, na huko ndiko kujiumiza.

Kasoro: joto la mchana zinachosha, na rangi ni nyeusi tu. Kubwa zaidi, pakiti imeandikwa zinazuia damu kuganda, basi. Hapana, soksi peke yake hazitoshi. Mimi nilimeza rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, miezi sita, na daktari alihangaika kwanza kuutuliza utumbo. Sasa kila kliniki napimwa presha na mafuta ya damu pia, kwa sababu uvimbe huu wa utumbo unaugusa na moyo.

Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukibanwa kifua au pumzi, usisubiri hata saa moja.

Nyota nne, zote za yule dada aliyenirudisha nyumbani. Baada ya miezi sita mpira umelegea, kama alivyonitahadharisha. Jumamosi asubuhi naenda kupimwa upya.