Chumba cha vipimo vya ulevi katika mtambo wa nyuklia: nyota nne, na ninaeleza kwa nini si tano

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mwanamke, na kazi yangu ni ya kuhamahama. Mtambo wa nyuklia ukizimwa ili kinu kibadilishiwe fueli, jambo linalokuja kila baada ya miezi 18 au 24, wakandarasi hutukusanya mamia kwa mamia, tunafanya kazi usiku na mchana kwa wiki kadhaa, kisha tunatawanyika kwenda mtambo mwingine. Nimezunguka mitambo ya Marekani kwa miaka tisa. Kila mahali, kabla hujaona bomba wala valvu, unaanzia chumba kimoja: cha kupima dawa za kulevya na pombe.

Watu huandika maoni kuhusu hoteli na gereji. Chumba hiki hakiandikiwi, ingawa ndicho kinachoamua kama utalipwa msimu huo au utarudi nyumbani. Ninachokisema hapa nimekipitia mara tatu katika msimu mmoja: mara ya kwanza kabla ya kupewa beji ya kuingilia mtamboni, na mara mbili kwa kushtukizwa. Ninakipa nyota nne.

Kwanza nieleze nimesimama upande gani, kwa sababu wenzangu wengi huona vipimo hivi ni udhalilishaji. Nikishusha kofia ya kuchomelea sioni kitu isipokuwa lile dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka. Cheche zinaruka nyuma yangu, na macho yangu ni ya mtu mwingine: mlinzi wa moto aliyesimama na kizimamoto, ambaye kazi yake yote ni kutazama pale nisipoweza kutazama. Juu ya kichwa changu kuna mpakiaji anayeongoza kreni. Siwajui watu hawa, tumekutana juzi. Ninataka wawe wamepimwa, na wao wana haki ya kutaka nipimwe mimi. Kwa hiyo ukali wa kanuni sina ugomvi nao. Ninachokipima mimi ni namna kazi hiyo inavyofanywa.

Na hapa inafanywa vizuri sana. Mpokeaji wa sampuli, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alitazama kitambulisho changu chenye picha, akatazama uso wangu, kisha akaniambia hatua zote zinazokuja kabla hatujaanza hata moja. Halafu akauliza swali ambalo kwangu ndilo mtihani wa kituo chochote: ndani ya dakika 15 zilizopita, umekula, umekunywa, umevuta, umesukutua kinywa, umetapika au kucheua? Nilikuwa nimetafuna pipi ya mnanaa langoni. Hakununa. Aliandika saa, akaniketisha, na dakika 15 zilipotimia ndipo akanipa mrija wa kipima ulevi.

Lazima nieleze kwa nini swali hilo lina uzito. Miaka minne nyuma, katika mtambo mwingine ambao sitautaja, hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimetoka kusukutua kwa dawa ya kinywa yenye alkoholi. Nikapuliza, kikaandika 0.031, yaani asilimia ya pombe kwenye damu. Sijanywa pombe maishani mwangu. Niliitazama ile namba, mikono ikaanza kutetemeka, na kutetemeka kwenyewe kukanifanya nionekane mlevi. Kanuni inataka kipimo cha kuthibitisha kianze ndani ya dakika 30 baada ya kile cha kwanza, kwa mashine yenye usahihi wa kutumika kama ushahidi. Zile dakika ishirini na kitu nilikaa ukutani nikihesabu vigae. Kipimo cha pili kikatoa sifuri kamili, kwa kuwa alkoholi ya kinywani huyeyuka upesi, tofauti na ile iliyo kwenye damu. Nikaambiwa niende, bila neno la pole. Tangu siku hiyo, kituo kisichouliza lile swali hakipati kwangu hata nyota mbili.

Sasa upande wa haja ndogo. Wengi huogopa hapa kwa sababu hawajui kinachofanyika. Unavua koti, unatoa vilivyomo mifukoni mbele ya mpokeaji, unanawa mikono. Unachagua mwenyewe kikombe kilichofungwa. Chooni unaingia peke yako, mlango unafungwa, ila maji ya choo yametiwa rangi ya buluu ili mtu asichote na kuzimua, na huruhusiwi kuvuta maji mpaka uambiwe. Kinachotakiwa ni angalau mililita 30. Ukitoka, joto la mkojo linasomwa ndani ya dakika nne kwenye kibandiko kilichoko ubavuni mwa kikombe, na linapaswa kuwa kati ya nyuzi 90 na 100 za Farenihaiti, yaani takriban 32 hadi 38 za Selsiasi. Likiwa nje ya hapo bila sababu, kuna shaka kwamba mkojo si wako au si wa sasa hivi, na hapo utatoa mwingine ukitazamwa, na mtu wa jinsia yako.

Kilichonifurahisha ni kikombe chenyewe. Tangu nilipomkabidhi yule mama mpaka alipokifunga na mimi kutia herufi za jina langu kwenye utepe, hakikutoka machoni pangu. Simu ya mezani iliita mara mbili, hakugeuka. Wapo wapokeaji wanaoweka kikombe nyuma ya kompyuta na kuanza kutafuta kalamu. Fundi akiwa mgeni hatajua kwamba ana haki ya kuona sampuli yake muda wote mpaka ifungwe. Huyu mama alinikumbusha haki hiyo kwa mdomo wake, na aliniambia nisitie sahihi fomu ya makabidhiano, ile inayoifuata sampuli mkono kwa mkono, kabla sijalinganisha namba ya chupa na namba ya fomu. Nikalinganisha, zikalingana, ndipo nikatia.

Siku hiyo hiyo alikuwepo fundi bomba mmoja, mtu mzima, ambaye haja ilimkatalia. Hali hii ni ya kawaida, mwili unajifunga ukiamriwa. Kanuni inampa mtu muda wa hadi saa tatu, na maji ya kunywa kidogo kidogo. Mpokeaji alimsogezea kiti mbali na mlango, akampa maji, akamwambia hakuna haraka. Nimeona mahali pengine mtu wa namna hiyo akifanyiwa mzaha mbele ya foleni. Hapa hapakuwa na mzaha, na baada ya saa moja na nusu mzee wa watu alimaliza, akaondoka ameinua kichwa.

Vipimo vya kushtukiza ndivyo vinavyoleta manung'uniko. Nilichaguliwa wiki ya pili, na baada ya siku kumi na moja nikachaguliwa tena, saa nane usiku wa kuamkia Jumapili. Mwenzangu wa zamu alisema wazi kwamba wananiandama. Hapana. Kompyuta inachagua kwa bahati, na mtu akishapimwa anarudishwa kwenye kapu la majina palepale, ana nafasi sawa na mwingine yeyote. Ingekuwa aliyepimwa anatolewa kapuni, angekuwa amepewa ruhusa ya kunywa mpaka mwisho wa msimu. Idadi ya vipimo hivi kwa mwaka haipaswi kupungua nusu ya watu walio kwenye orodha, na lazima viangukie usiku, mwishoni mwa juma na sikukuu pia. Ile saa nane ya usiku mpokeaji alikuwa macho, chumba kina joto, fomu ziko tayari. Kwa hilo peke yake nawapongeza, kwa sababu nimewahi kupelekwa kwenye kituo cha usiku ambako mpokeaji alisinzia kabla ya kuniandikia tarehe.

Kuhusu namba za pombe, zifahamu kabla hujaja. Kwa watu walio chini ya kanuni hii, ambayo mafundi huiita Sehemu ya 26 na ambayo ni ya Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, asilimia 0.04 ya pombe kwenye damu ni kosa wakati wowote. Ukiwa umeshakaa kazini saa moja, 0.03 inatosha kukuangusha. Ukikaa saa mbili, 0.02. Mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuandika, kwamba kadiri mtu anavyokaa kazini ndivyo kiwango kinavyoshuka. Lakini ndivyo ilivyo sahihi: mwili unachoma pombe saa baada ya saa, kwa hiyo aliyebakiwa na 0.02 baada ya saa mbili aliingia getini akiwa na zaidi. Unakatazwa kunywa ndani ya saa tano kabla ya zamu, na mkufunzi wa hapa alisisitiza kwamba saa tano si kinga. Aliyekunywa sana ataamka na pombe bado imo damuni, hata kama amelala usingizi mzuri.

Adhabu nazo si za kubahatisha. Kosa la kwanza la kipimo, unafungiwa siku zisizopungua 14. La pili, miaka mitano. Ukikataa kupimwa au ukikamatwa na mkojo wa bandia, umefungiwa milele, na mitambo yote inashirikiana kumbukumbu, hivyo huwezi kwenda jimbo la pili ukajifanya mpya. Bangi bado ni kosa hapa hata kama jimbo unaloishi limeihalalisha. Nimeona kijana mwenye mikono ya dhahabu akipoteza kazi kwa kutoamini hilo, na iliniuma.

Sasa dawa za hospitali. Tangu mabadiliko ya mwaka 2022, orodha imeongezwa haidrokodoni na oksikodoni, dawa za maumivu ambazo watu wengi hupewa baada ya kung'olewa jino au kupasuliwa. Mimi niling'olewa jino siku tatu kabla ya kipimo cha kwanza. Nilimwambia mpokeaji, akanijibu kwamba si yeye wa kuambiwa. Maabara ikikuta kitu, daktari mhakiki, yule anayepitia matokeo ya maabara, atanipigia. Wengi huona jibu hilo ni ubaridi, mimi nimejifunza kuliheshimu. Mpokeaji hapaswi kujua magonjwa yangu. Daktari alipiga siku ya pili asubuhi, akauliza jina la dawa, nani aliniandikia, lini nilimeza ya mwisho, akataka picha ya kibandiko cha chupa. Dakika kumi. Jioni beji yangu ilikuwa tayari. Katika mtambo mmoja wa zamani, simu kama hiyo ilichelewa siku nne, nami ni kibarua, siku ambayo sijaingia getini siilipwi. Ushauri wangu: usitupe chupa ya dawa mpaka msimu uishe, na acha simu ikiwa wazi kwa namba usizozijua.

Kuna jambo ambalo chumba hiki hakiwezi kulishika, nalo si kosa lao. Hakuna kikombe cha kupima uchovu. Mwezi Machi 1987 Tume iliamuru mtambo wa Peach Bottom, huko Pennsylvania, uzimwe kwa kuwa waendeshaji walikutwa wakilala kwenye zamu. Hapakuhitajika pombe wala bangi. Leo kuna mipaka kwa walio chini ya kanuni ya saa za kazi: saa 16 katika saa 24, saa 26 katika saa 48, saa 72 katika siku saba. Karatasi hizo zinatunzwa vizuri. Lakini mlinzi wangu wa moto aliyekesha na mtoto mgonjwa atapuliza sifuri, atatoa mkojo safi, na bado macho yake hayatakuwa yangu. Hapo tunategemea msimamizi aliyefundishwa kutazama watu wake, na kutazamana sisi kwa sisi. Usiku ule wa Jumapili nilimwomba msimamizi ambadilishe mlinzi wangu kwa sababu aliitikia nusu ya maneno yangu. Alibadilishwa bila maswali, akapelekwa kupumzika.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya viti. Viti vya kungojea vimepangwa kwenye ujia, mkabala na mlango wa kutolea beji, ambako kila anayeingia kazini anapita. Ukiketi pale kila mtu anajua umeitwa, na watu hawatofautishi aliyechaguliwa na kompyuta na aliyeletwa kwa kutiliwa shaka. Yule fundi bomba aliketi pale kwanza kabla ya kusogezewa kiti kingine. Kijana mmoja aliyeletwa baada ya kuanguka kwenye ngazi, kipimo cha kawaida baada ya ajali, alipigiwa mluzi na watu wa zamu yake. Matokeo yao yanafichwa kwa funguo na nywila, lakini sura zao zinaanikwa ujiani.

Nyuma ya chumba hicho kuna ofisi ndogo yenye maboksi ya karatasi na dirisha. Nimeingia, nimehesabu hatua: inatosha viti sita. Nimeliandika hilo kwenye fomu ya maoni na nikaweka jina langu. Msimu ujao nikirudi na kukuta viti vimehamia humo, nitairudisha nyota ya tano siku hiyo hiyo.