Dragon's Dogma: Dark Arisen, mchezo unaokuruhusu kumkwea zimwi

Ndugu watazamaji, nawasalimu nyote, na mniwie radhi kwamba leo sianzi kwa utangulizi wetu wa kawaida, kwa sababu huyu Cyclops mnayemwona kwenye skrini hana subira. Ni zimwi la jicho moja, mhusika wangu anamfikia magotini tu, na kichwani amevaa kofia ya chuma. Katika michezo mingi ya namna hii ningebaki hapa chini nikimchanja vifundo vya miguu hadi aanguke, kama mtu anayekata mnazi kwa kisu cha jikoni. Hapa nabonyeza kitufe cha kushika, na tazameni mikono ya mhusika wangu inavyong'ang'ania manyoya ya paja lake: sasa nimo juu yake, yeye anajitikisa, nami napanda.

Uangalieni ule mstari wa pumzi, kwa maana ndio unaoamua kila kitu. Kila hatua ninayopanda inaupunguza, na zimwi akijitikisa ninapoteza pumzi zaidi. Ukikauka kabisa, mikono inaachia na ninaporomoka. Nimefika begani. Nampiga kofia kwa visu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hiyo imedondoka, na sasa jicho liko wazi. Mmeona alivyofunika uso kwa kiganja na kuyumba?

Niruhusuni nirudie, maana nikionyesha mara moja tu wapo watakaodhani ni bahati. Safari hii nimeubebesha mkoba wangu mawe, silaha za akiba na nyama ambayo imekwisha kuoza. Mtaona kwamba pumzi inakwisha kabla sijafika kiunoni, kwa kuwa uzito wa mzigo umehesabiwa, na hata umbo ulilomchagulia mhusika siku ya kwanza limehesabiwa: mtu mwenye mwili mkubwa hubeba zaidi, mwenye mwili mdogo hurudishiwa pumzi mapema. Kwa hiyo ule ukurasa wa kuchagua urefu na unene, ambao katika michezo mingine ni pambo tu, hapa unaathiri kila pambano.

Simaanishi kwamba Capcom, kampuni iliyoutengeneza mchezo huu, ndio waliobuni jambo hili. Mchezo wa Shadow of the Colossus wa mwaka 2005 ulikuwa umeshajengwa wote juu ya kukwea majitu, lakini kule majitu ni kumi na sita tu na kila moja ni kama fumbo lenye jibu lake. Hapa zimwi unakutana naye njiani ukiwa na shughuli zako nyingine, pamoja na wenzako watatu ambao nao wanapanda, wanarusha moto au wanakuinulia ngao ili uikanyage ikurushe hewani. Mchezo wa Skyrim, ambao wengi wenu mnaupenda na mmekuwa mkiniandikia kuutetea, unaushinda huu kwa ukubwa wa dunia yake na kwa vitabu vilivyojaa rafuni, lakini kwa upande wa upanga kukutana na mwili, siuweki karibu kabisa na huu.

Mambo ya msingi mnayajua, kwa hiyo nitayapita haraka: mchezo uliongozwa na Hideaki Itsuno, ulitoka mwaka 2012 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, toleo hili la Dark Arisen likafuata mwaka 2013 likiwa limeongezewa kisiwa cha Bitterblack, na kompyuta zikapata zamu yao Januari 2016. Joka linakurarua kifua na kuula moyo wako, nawe unaondoka kijijini Cassardis kwenda kuutafuta. Fani za mapigano ni tisa na unaweza kuzibadilisha.

Sasa niwazungumzie hao wenzetu watatu, yaani wafuasi wanaoongozwa na mchezo wenyewe, ambao ndio fahari ya mchezo huu na pia ndio karaha yake. Mmoja unamuumba mwenyewe, na wawili unawakodi, nao wameumbwa na wachezaji wengine. Mfuasi aliyekwisha kupambana na Chimera, zimwi lenye vichwa vya simba na mbuzi na mkia wa nyoka, akiwa na bwana wake huja kwako akijua kwamba mkia wa nyoka ukatwe mapema, na kwamba kichwa cha mbuzi ndicho kinachotoa uganga, naye hufanya hivyo bila kuagizwa. Wafuasi wa kukodi hawapandi daraja, kwa hiyo inakubidi kuwabadilisha kila baada ya muda, na wa kwako pia hukodishwa huko nje kisha hukurudia na maarifa mapya na pengine zawadi. Ni wazo zuri sana. Tatizo ni ndimi zao. Watakwambia kwamba vibwengo huogopa moto, na baada ya hatua ishirini watakwambia tena, na mkirudi jioni kwa njia ileile watakwambia kana kwamba ni habari iliyofika leo. Ipo nyumba ya wageni yenye kiti ambacho ukikikalia unaweza kumfundisha mfuasi wako mkuu tabia na kiasi cha maneno. Hao wawili wa kukodi wataendelea tu.

Hadithi, kusema kweli, ni nyembamba. Watu wa mji wa Gran Soren wanasimama kama sanamu zinazosubiri kuulizwa. Na hapa, asiyetaka kujua yaliyo mbele azibe masikio: mchezo huhesabu kimyakimya ni nani uliye karibu naye zaidi, kisha joka humchukua mtu huyo kama mpenzi wako. Mimi nilikuwa nikizungumza na muuza silaha kila siku kwa sababu za kibiashara tu, na nilipofika kwa joka nikamkuta ndiye aliyeshikwa, nikatakiwa kumlilia. Nilicheka hadi nikalazimika kusimamisha kurekodi.

Kutembea nako nilikusudia kukulaumu kwa kirefu. Hakuna farasi, maji ya kina yanakuua, taa yako inazimika ikilowa, na usiku ni giza la kweli ambalo ndani yake wanatembea maiti. Nilitembea kwa miguu kwa saa kama ishirini, nikilalamika, kabla sijafungua ghala langu na kukuta lile jiwe la kusafiria lisiloisha, linalokuhamisha papo hapo hadi mahali pa mbali, ambalo katika toleo la kompyuta linakungoja humo tangu mwanzo. Basi lawama nyingine ni yangu. Nililitumia kwa siku mbili, nikaona kwamba siogopi tena jua likizama, nikalirudisha ghalani.

Jambo ambalo silisamehi ni nafasi moja tu ya kuhifadhi mchezo. Siku moja umeme ulikatika hapa nyumbani wakati nikishuka shimoni, na kwa kuwa nilisahau kuhifadhi, nilipoteza kazi ya jioni nzima. Ajabu ni kwamba Dragon's Dogma 2, uliotoka tarehe 22 Machi 2024 kwa dola 69.99, ulikuja na ukaidi uleule, na juu yake ukauza vitu vidogovidogo kwa fedha halisi, jambo lililowaudhi wachezaji wengi. Video ya huo wa pili nitaitoa nikishapata kompyuta inayouweza. Hii niliyo nayo ni ya mtumba, na Dark Arisen inaenda juu yake bila kukwama. Bei yake ya kawaida kwenye Steam, duka la michezo la mtandaoni, ni dola 29.99, lakini msiinunue kwa bei hiyo, kwa sababu hupunguzwa mara nyingi na mwenye subira huipata kwa fedha ya vocha.

Nyamazeni kidogo, kivuli hicho kilichopita chini ni cha Griffin, zimwi lenye mwili wa simba na kichwa na mabawa ya tai. Ameshuka kula maiti za vibwengo tuliowaua, na mganga wangu tayari anaandaa moto, kwa kuwa mabawa yakiungua hawezi kuruka. Mimi nimekwisha kumshika mguu wa nyuma. Moto umemkosa, naye ameamua kuondoka, na tazameni, ananibeba: ile ni barabara, ule ni msitu, na wafuasi wangu wamekuwa kama punje za mchele. Pumzi imebaki robo. Sijahifadhi mchezo tangu asubuhi.