Uzoefu wangu na mpopi-mti wa California (Dendromecon harfordii)

Mche wangu niliununua kwenye kitalu cha mimea ya asili hapa kusini mwa California, ukiwa kwenye kopo la galoni 1 na haunifiki magotini. Sasa umenipita kimo. Mwenye mteremko wenye kichanga na jua la kutosha, nunua.

Maua yake ni ya manjano iliyokolea, petali 4, upana wa sentimita 5 hivi au zaidi. Ua linapofunguka, vile vifuniko 2 vya tumba hudondoka vyenyewe. Huchanua kwa wingi majira ya machipuko, lakini hata miezi mingine hukosi maua mawili matatu. Majani ni magumu, ya kijani chenye ujivu, na mti haubaki mtupu wakati wa baridi.

Jenasi hii ina spishi 2 tu, kwa hiyo muulize muuzaji anakupa ipi. Dendromecon rigida ni ya vilima vya bara, majani yake membamba yana vijino pembeni. Wangu, harfordii, asili yake ni visiwa vya pwani ya California: Santa Cruz, Santa Rosa na jirani zake. Majani yake ni mapana, kingo laini. Kwa bustani ya nyumbani mimi nachagua huu wa visiwani.

Bei iko juu kuliko miche mingine, na naona ni haki. Mbegu zake ni ngumu kuota. Porini nyingi hulala ardhini mpaka moto wa nyika upite ndipo ziamke. Vipandikizi navyo ni vigumu kushika mizizi. Anayekuuzia mche mzima amekwisha kukufanyia kazi kubwa.

Malalamiko yangu ni kibandiko cha kitalu kilichosema "mwagilia mara kwa mara". Ushauri huo unaua mti huu, hasa kiangazi, udongo ukiwa na joto. Kabla ya kupanda, jaza shimo maji kwanza. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, tafuta pahali pengine. Mizizi nayo haitaki kuguswa. Mimi nilipasua kopo ubavuni kwa mkasi, nikauteremsha mche na udongo wake wote bila kuufumua. Kiangazi cha kwanza niliupa maji kidogo, kwa nafasi, kisha nikaacha kabisa.

Panda Novemba, mvua zinapoanza.