Sunburst na Ave Africa: nimeanzia kwenye besi

Mimi ni mpiga besi, kwa hiyo mnisamehe nikianzia chini. Kwenye mkusanyiko huu wa bendi ya Sunburst, uliotolewa na Strut Records mwaka 2016 ukiwa na rekodi zao za 1973 hadi 1976, besi ya Bashir Idi Farhan ilinifanya nirudie wimbo wa kwanza kabla hata sijaugusa wa pili.

Sisi tuliokulia kwenye dansi tunajua besi yetu inavyotembea. Inaacha nafasi, inachomoza katikati ya mapigo, inayapisha magitaa ya solo na rizimu yaongee. Kwenye fanki mambo yamegeuzwa: pigo la kwanza ndilo mwenye nyumba, besi na dramu wanalikanyaga pamoja, gitaa linakata vipande vifupi vifupi juu yao. Sunburst wanazijua njia zote mbili, na utamu uko pale wanapovuka kutoka moja kwenda nyingine ndani ya wimbo huohuo. Unadhani umeshika mdundo, mara ngoma imeingia na mguu wako umebaki hewani. Halafu Hembi Flory Kongo anafungulia gitaa lenye fazi, ile sauti iliyochafuliwa makusudi, linakoroma kama lori linalopanda mlima na gia ya kwanza, na hapo hakuna tena wa kumuuliza kama huu ni wa kwetu au wa nje.

Bendi ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1970. Uangalieni vizuri mwaka huo. 1969 ilifunguliwa na Operesheni Vijana, kampeni dhidi ya mavazi ya kigeni, vimini, mawigi na suruali za kubana vikipigwa marufuku, na ilipofika Novemba mkuu wa mkoa, Mustafa Songambele, akaupiga marufuku na muziki wa soul jijini. Vijana waliokuwa wakikesha na James Brown wakabaki na viatu vya kuchezea bila muziki wa kuchezea. Bendi ya vijana inayoanza wakati huo, na bado inataka mdundo uleule, ingefanyaje? Jibu limo humu ndani. Wanaimba Kiswahili, wanachota kwenye ngoma, wanataja Afrika kila wanapopata upenyo, huku chini fanki ikiendelea na kazi yake. Wengine watasema ni ujanja, wengine watasema ni imani. Mimi nikiusikiliza wimbo kama “Enzi za Utumwani” naona vyote viwili, na mwimbaji wao, James Mpungo, haimbi kama mtu anayejificha nyuma ya maneno.

Walikuwa na mtindo wao pia, kama ilivyokuwa desturi. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz na Saboso, Morogoro Jazz na Likembe. Hawa wakauita wao Kitoto. Napenda kwamba hawakujiona nje ya utaratibu huo. Ukitajiwa bendi za miaka ile, nyingi zina mwenyewe: chama cha wafanyakazi, polisi, jeshi, umoja wa vijana. Vyombo ni vya taasisi na mwanamuziki analipwa mshahara. Kinanda na gitaa la fazi havikuwa na nafasi kubwa kwenye bendi za namna hiyo, ndiyo maana wimbo wa Sunburst ukiwekwa katikati ya nyimbo za zilipendwa unashtua kidogo.

Albamu yenyewe, Ave Africa, iliyomo kwenye mkusanyiko huu, ilitoka Zambia mwaka 1976. Hilo halinishangazi hata kidogo. Kwetu enzi hizo ukirekodi pale Redio Tanzania utepe ulibaki maktaba, na santuri ilibidi ikachapwe nje, mara nyingi Nairobi. Zambia kulikuwa na kiwanda cha santuri Ndola, na kulikuwa na vijana waliokwishazoea gitaa chafu kupitia bendi zao za WITCH na Amanaz. Wasikilizaji walikuwa tayari.

Sasa lawama zangu. Nyimbo za Kiingereza, kwa sikio langu, hazifikii za Kiswahili. “Let's Live Together” ina mdundo mzuri, lakini maneno yake yanakaa juujuu, nami nikisikia kiitikio chake naanza kusubiri wimbo unaofuata. Rekodi za awali nazo zimebanwa: dramu zinasikika kama zimepigwa chumba cha pili na sauti ya Mpungo inapasuka anapopandisha. Hilo nalivumilia, maana hata rekodi za dansi tunazozipenda zina mikwaruzo yake. Na kwa kuwa ni rekodi zao zote kwa pamoja, kuna sehemu unahisi mkusanyaji angethubutu kuacha wimbo mmoja au miwili. Msizimeze zote kwa mkupuo mmoja.

Wazee wa rumba huenda wasifike mwisho. Watauliza sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, liko wapi. Vijana mnaotengeneza biti ndio ninaowaambia mnunue hii kabla ya kwenda kukopa fanki ya Lagos. Ila msiijaribie kwenye spika ya simu. Besi yote inamezwa, mnabakiwa na gitaa linalolia peke yake, halafu mtakuja kuniambia mimi nimewadanganya.