TAHADHARI: Muuza poda ya "kuosha PCOS" hapa tao, wadada mjichunge

Wadada kuna mama anauza poda ya kijani, anajitangaza TikTok eti anamaliza PCOS (shida ya homoni inayovuruga ovari na hedhi) kwa siku 90. Ako na kiduka kwa eksibisheni karibu na Moi Avenue lakini wengi anawatumia na boda ukishalipa M-Pesa. Chupa moja ni 4,500 na anasisitiza uchukue tatu.

Dadangu mdogo alichukua mwezi wa tano. Hedhi yake ilikuwa inakuja kama mara tatu kwa mwaka, nywele kwa kidevu, shingo imeshika weusi hivi ata ukisugua hautoki, na daktari alikuwa amemwekea metformini, vidonge vya kushusha sukari, juu HbA1c yake (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) ilisoma asilimia 6.1. Huyu mama akamwambia hiyo ni dawa ya wazee wa sukari, wewe shida yako ni kizazi kichafu, wacha hivyo vidonge, kunywa vijiko viwili na asali asubuhi na jioni. Akawacha. Asali jamani, kwa mtu ambaye sukari yake tayari iko mpakani!

Hapo ndio uongo wake uko, anatenganisha vitu vya shina moja. Wengi wenye PCOS mwili hausikii insulini vizuri, kwa hivyo kongosho inamwaga nyingi zaidi ndio sukari ishuke, na hiyo insulini ikizidi inasukuma ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi, ndio unaona ndevu, chunusi, na mwezi unaisha yai halijatoka. Sasa kongosho ikilemewa, sukari inapanda, unapata kisukari cha aina ya 2. Na si wanene peke yao, dadangu ni mwembamba kabisa. Zile "uvimbe" anawaonyesha kwa picha ya skani ni vifuko vya mayai ambayo hayajakomaa, hakuna poda ya kuviosha.

Mwezi wa tisa dadangu akaanza kuamka usiku kukojoa mara nne, tano, kiu haiishi, tukadhani ni stresi ya kazi. Kupimwa sukari kabla ya kula, 11.4 mmol/L, na kutoka 7.0 kwenda juu tayari ni kisukari. Nililia siku hiyo. Nikampigia yule mama akasema ni sumu inatoka, nikamuuliza sumu gani, akaniblok, na saa hii akaunti imebadilishwa jina.

Chupa ni nyeupe, mfuniko wa dhahabu, haina namba ya usajili wala tarehe ya kuisha. Kama uko nayo usitupe, niandikie tuungane tuipeleke kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Na kama aliwahi kukuambia uwache metformini, tafadhali rudi kliniki wiki hii upimwe sukari, na kama uko na mimba waambie mapema kwamba uko na PCOS, juu sukari ya mimba pia inawapata wenye PCOS kirahisi.